Tafakari ya Juma: Kwa Nini Siku ya Shukrani Imefunikwa na Noeli?



Mwaka wa Kanisa unaelekea ukingoni. Sherehe ya Kristo Mfalme imekaribia, na punde tu baada yake tutawasha mshumaa wa kwanza wa Majilio. Ni katika siku hizi ambapo ndugu zetu walioko Marekani hututumia salamu pamoja na picha za meza zilizojaa bata mzinga, viazi na pai za maboga. Baada ya kuonyeshwa picha hizo na mwanawe, mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo alitujia na swali: "Baba Paroko, sikukuu hii ni ya Kanisa gani? Na kama ni ya kumshukuru Mungu, mbona sisi hatuna, ilhali Noeli tunayo sote?" Swali ni fupi, lakini linastahili jibu refu kidogo, kwa maana ndani yake limo jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Tuanze na jibu jepesi. Siku ya Shukrani huadhimishwa nchini Marekani Alhamisi ya nne ya mwezi Novemba. Si sikukuu ya Kanisa lolote, bali ni ya taifa. Wakatoliki wa huko huenda Misani siku hiyo kwa mapenzi yao, kwa kuwa haimo katika sikukuu za amri. Hata hivyo Kanisa la nchi hiyo limeitengea Misa yake na masomo yake, na Injili inayosomwa ni ile ya wakoma kumi (Lk 17:11-19). Kanada wanayo siku yao, Jumatatu ya pili ya Oktoba. Liberia wanayo Alhamisi ya kwanza ya Novemba, kwa sababu nchi ile ilijengwa na watu weusi waliotoka Marekani wakiwa na desturi zao mkononi. Grenada wanaiadhimisha tarehe 25 Oktoba, lakini wao wanakumbuka majeshi ya Marekani kuingia kisiwani mwao mwaka 1983, wala si mavuno. Ukiongeza mataifa mengine machache, orodha inakaribia kwisha. Noeli, kinyume chake, inajulikana karibu kila pembe ya dunia, hata katika miji ambamo Wakristo ni wachache sana.

Kwa nini basi hali iko hivyo? Historia ina kinaya ambacho wengi hawakijui.

Mwaka 1620 Waingereza wapatao 102 walivuka bahari kwa meli iitwayo Mayflower, wakafanya makao mahali walipopaita Plymouth, katika jimbo la Massachusetts la leo. Katika baridi ya mwaka ule wa kwanza karibu nusu yao walifariki dunia. Waliosalia walinusurika kwa msaada wa wenyeji wa nchi, Wawampanoag, na hasa mtu mmoja aitwaye Tisquantum, aliyewafundisha kupanda mahindi kwa kuweka samaki ardhini kuwa mbolea. Mtu huyu alikuwa ametekwa mwaka 1614 na nahodha Mwingereza, akapelekwa Málaga, nchini Hispania, pamoja na wenzake ili wauzwe utumwani. Watawa wa mji ule walipojua habari hiyo waliwaondoa baadhi ya mateka mikononi mwa nahodha. Tisquantum aliporudi kwao baada ya miaka kadhaa, alikuta kijiji chake kimefutwa na maradhi. Huyo ndiye aliyewafundisha wageni kulima. Baada ya mavuno ya mwaka 1621, wageni hao na Wawampanoag wapatao 90 walioongozana na mkuu wao Massasoit walikula pamoja kwa muda wa siku tatu. Chakula hicho ndicho Wamarekani wanachokikumbuka.

Basi watu hao wa Plymouth hawakuadhimisha Noeli. Wao, pamoja na Wapuritani waliowafuata, walishika kwamba sikukuu isiyoamriwa na Biblia ni mapokeo ya wanadamu yasiyofaa. Tarehe 25 Desemba 1621 gavana wao, William Bradford, aliwakuta wahamiaji wapya wakicheza michezo njiani badala ya kufanya kazi, naye akawanyang'anya vifaa vya michezo. Mwaka 1659 koloni la Massachusetts lilitunga sheria ya kumtoza faini ya shilingi tano kila atakayeonekana anaadhimisha Noeli kwa kuacha kazi au kufanya karamu. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1681. Badala ya sikukuu za kalenda, wao walitenga siku za namna mbili kadiri mambo yalivyotokea: siku ya kufunga pale balaa lilipowafika, na siku ya kushukuru pale Mungu alipowanusuru. Mwaka 1623, kwa mfano, walitenga siku ya shukrani baada ya mvua kunyesha kufuatia ukame wa muda mrefu. Mkulima yeyote wa Dodoma au wa Kitui anaweza kuielewa sikukuu ya namna hiyo bila kufafanuliwa.

Kwa hiyo Siku ya Shukrani ililelewa katika nyumba iliyoifungia Noeli mlango. Leo Noeli ndiyo mwenye nyumba, na Shukrani ni mgeni anayekaribishwa chakula cha mchana na kuagwa kabla jua halijatua. Mapinduzi hayo yametokeaje?

Hayakuletwa na mapadre. Kwa miaka mingi mwanamke mmoja mhariri wa jarida, Sarah Josepha Hale, aliwaandikia marais akiwasihi waitangaze siku moja ya shukrani kwa taifa zima. Rais Abraham Lincoln alimsikia, akatoa tangazo lake tarehe 3 Oktoba 1863, wakati Wamarekani wakiuana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alhamisi ya mwisho ya Novemba ikawa siku ya taifa kumshukuru Mungu. Noeli nayo ilikuwa ikirudi kwa nguvu pamoja na wahamiaji kutoka Ireland na Ujerumani, na mwaka 1870 ilitambuliwa kuwa sikukuu ya serikali kuu. Kwa muda sikukuu hizi mbili zilikaa jirani bila ugomvi.

Kisha yakaingia maduka. Mwaka 1924 duka kubwa la Macy's la New York lilianzisha gwaride katika Siku ya Shukrani, na tangu mwaka ule wa kwanza aliyefika mwishoni mwa gwaride alikuwa Baba Noeli. Siku ya kushukuru ikawa mlango wa msimu wa kununua. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, na ile ya mwisho iliangukia tarehe 30. Wafanyabiashara walilalamika kwamba siku za kununua zawadi zingekuwa chache mno. Rais Franklin Roosevelt akaisogeza Siku ya Shukrani nyuma kwa juma moja, hadi tarehe 23. Takribani nusu ya majimbo yalimfuata na mengine yakakataa, hata familia zilizokaa majimbo mawili tofauti zikashindwa kula pamoja. Mabishano yalikwisha mwaka 1941, Bunge lilipoamua iwe Alhamisi ya nne. Tulitazame jambo hilo kwa utulivu, wapendwa: siku iliyotengwa kwa ajili ya kumshukuru Mungu ilihamishwa ili watu wapate siku saba zaidi za kununua.

Safari haikuishia hapo. Ijumaa inayofuata ikawa siku ya bei kupunguzwa, ile iitwayo Ijumaa Nyeusi. Katika miaka ya 2010 maduka mengi makubwa yalianza kufungua milango Alhamisi yenyewe jioni, na wafanyakazi wakalazimika kuziacha familia zao mezani ili wakawahudumie wanunuzi. Tangu mwaka 2020 mengi yamerudia kufunga siku hiyo, nasi tunashukuru kwa hilo.

Sababu ya Shukrani kufunikwa ni nini, basi? Tunadhani ni hii: Noeli ina zawadi, na zawadi zinauzika. Shukrani haina cha kuuza zaidi ya chakula cha siku moja. Kushukuru ni kukiri kwamba tumepewa, na kwamba tulichopewa kinatosha. Neno "kinatosha" ni neno ambalo soko halipendi kulisikia. Mfanyabiashara anahitaji tuamke kila asubuhi tukiwa tumepungukiwa na kitu. Mtu anayeketi mezani akahesabu aliyopata, si aliyokosa, ni mteja mbaya, na sikukuu ya watu wa namna hiyo haiwezi kupata matangazo mengi.

Tumalizie sasa sehemu ya pili ya swali la yule mama: mbona mataifa mengi hayana siku hii? Kwanza, mavuno hayana tarehe moja duniani. Novemba ni mwezi wa ghala kujaa kule Massachusetts, lakini kwa wakulima wa Songea, Njombe na Mbeya ni mwezi wa kutazama mawingu na kuandaa mbegu. Mahindi yao walikwisha kuyavuna katikati ya mwaka. Ukiwaambia wafanye karamu ya mavuno mwezi Novemba, watakuuliza wale nini mwezi Februari. Kanisa lililijua jambo hili tangu kale. Liturujia ya Roma ilikuwa na siku maalumu za kufunga, kusali na kushukuru katika majira manne ya mwaka, na kalenda mpya ya mwaka 1969 iliyaachia Mabaraza ya Maaskofu yazipangie wakati wake kulingana na mazingira ya kila mahali. Wajerumani huleta mazao yao altareni Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Hapa kwetu parokia nyingi hufanya Misa ya mavuno kwa wakati wake, na waamini huja na magunia, ndizi, kuku na mayai. Shukrani tunayo, tusichokuwa nacho ni tarehe moja ya dunia nzima.

Pili, Siku ya Shukrani ya Marekani imefungamana na simulizi la taifa moja, na simulizi la taifa halihamishiki kirahisi. Noeli haina bendera. Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu alizaliwa kwa ajili ya watu wote, na kila kabila linaweza kumwimbia kwa ngoma zake.

Tena simulizi lenyewe lina jeraha. Miaka 54 baada ya chakula kile cha pamoja, ilizuka vita kati ya watoto wa walioketi mezani. Metacom, mwana wa Massasoit, aliuawa mwaka 1676, na kichwa chake kikatundikwa juu ya mti pale pale Plymouth. Wengi wa watu wake waliuzwa utumwani ng'ambo. Ndiyo maana tangu mwaka 1970 baadhi ya wazawa wa nchi ile hukusanyika Plymouth kila Siku ya Shukrani kufanya maombolezo wakati wengine wanakula. Wala sisi Wakatoliki tusijione tumesalimika. Wapo wanaopenda kutukumbusha kwamba tarehe 8 Septemba 1565, miaka zaidi ya hamsini kabla ya Plymouth, Wahispania waliadhimisha Misa na kula pamoja na wenyeji Watimucua pale St. Augustine, Florida. Ni kweli, na ni jambo la kupendeza kulijua. Lakini ni kweli pia kwamba majuma machache baadaye Wahispania hao hao waliwaua Waprotestanti wa Kifaransa kwa mamia. Shukrani inayotolewa kwa Mungu huku jirani ananyang'anywa chake haiwi sadaka kamili. Kabla ya kuleta gunia altareni, yatupasa tuulize limevunwa katika shamba la nani, na aliyelima amelipwa au hakulipwa.

Na sasa, wapendwa, tulitazame lile linalotuhusu kwa karibu zaidi. Ikifika mwishoni mwa Novemba, pita katika maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam, au fungua tu simu yako. Utakutana na matangazo ya Ijumaa Nyeusi. Ijumaa hiyo imepata nafasi yake kwa sababu inafuata Alhamisi ya Shukrani. Haina maana nyingine katika kalenda. Lakini kwetu imefika peke yake. Alhamisi ilibaki kwao, Ijumaa ikavuka bahari. Siku ya kusema "inatosha" hatukuletewa, tukaletewa siku ya kusema "niongezee". Jambo hilo halikutokea kwetu tu. Ulaya nayo imeipokea Ijumaa bila Alhamisi. Ndipo tunaona kwamba si Noeli iliyoifunika Shukrani. Noeli yenyewe imefunikwa. Kanisa huanza kuadhimisha Noeli usiku wa tarehe 24 Desemba na kuendelea hadi Ubatizo wa Bwana, huku Majilio yakiwa kipindi cha kungoja. Soko huanza Noeli yake mwezi Novemba na kuimaliza tarehe 25 mchana. Mtoto wa Bethlehemu na mkulima anayeshukuru kwa mahindi yake wamesukumwa kando na mkono ule ule.

Tufanye nini? Hatudhani kwamba tunahitaji kuomba sikukuu mpya. Turudi kwenye Injili ile ya wakoma kumi. Wote kumi walimlilia Yesu, wote kumi walitii, wote kumi walitakaswa njiani. Mmoja tu alirudi, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Mwinjili Luka, akieleza tendo la mtu huyo la kushukuru, anatumia neno la Kigiriki ambalo ndilo shina la neno letu Ekaristi. Kwa hiyo kila tunapoadhimisha Misa tunafanya alichofanya Msamaria yule. Yule mama aliyetuuliza mbona sisi hatuna Siku ya Shukrani tulimjibu kwamba anayo kila Jumapili, na akiamka mapema anayo kila asubuhi.

Hata hivyo jibu hilo halituachi tukiwa na amani sana. Tunalo daftari la nia za Misa pale ofisini. Tukilipekua tunakutana na nia za wagonjwa, za marehemu, za mitihani, za kupata kazi, za kupata watoto, za safari, za kesi mahakamani. Ni nia njema, na hakuna hata moja tunayoidharau. Lakini nia za shukrani ni chache mno ukizilinganisha na hizo. Wapo waliokuja na uso uliokunjamana wakiomba Misa kwa ajili ya mtihani wa mwana wao. Matokeo yalipotoka mazuri tulipata habari kwa jirani. Yesu aliuliza wako wapi wale tisa. Tunadhani tisa wale hawakuwa watu wabaya. Yamkini walikuwa wanakimbilia kuwaona wake zao na watoto wao baada ya miaka ya kutengwa. Furaha ya kupokea iliwafanya wamsahau aliyewapa. Na zingatieni: Bwana hakuwarudishia ukoma. Kipawa cha Mungu hakidai malipo. Wao ndio waliokosa kitu, kwa maana walipata ngozi safi, bali Msamaria alipata ngozi safi na uso wa Kristo pamoja.

Watu wetu husema kushukuru ni kuomba tena. Tunauelewa msemo huo, na una hekima yake. Lakini tuuangalie, usije ukaigeuza shukrani kuwa ombi lililovikwa nguo nzuri. Msamaria aliporudi hakuomba jambo jingine. Alianguka miguuni akashukuru, basi.

Kwa juma hili, basi, tunapendekeza mambo matatu madogo. Kwanza, kabla ya Majilio kuanza, kila familia ikae jioni moja mezani, simu zikiwa mbali, kila mmoja ataje jambo moja alilopewa mwaka huu ambalo hakulifanyia kazi. Pili, yuko mtu aliyetusaidia mwaka huu, naye hajasikia neno kutoka kwetu tangu siku ile: mwalimu, muuguzi, dada wa kazi, jirani. Tumwendee. Tatu, wale waliokuja kuomba Misa na wakajibiwa, warudi. Si lazima waje na bahasha. Daftari lina nafasi, na Misa ya shukrani haihitaji tarehe ya serikali.

Nao ndugu zetu walioko Marekani tunawatakia Alhamisi njema mezani. Siku hiyo wawakumbuke Wawampanoag katika sala zao, na wawahurumie wanaofanya kazi madukani usiku huo. Ijumaa ikifika, wakiweza, walale kidogo.

Kwa leo tuishie hapa. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.